Gimbali ninayo, mbona video bado inadunda?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Kaka habari za kazi. Nimeanza kutumia gimbali ya mkononi na kamera yangu ya kubadilisha lenzi, nilitegemea picha itakuwa inateleza tu lakini wapi, nikitembea inapanda inashuka kila hatua, muda mwingine gimbali yenyewe inaunguruma nasikia mtetemo mpaka kwenye kiganja, na nikimzunguka mtu naona picha imelala upande. Gimbali ni mbovu au mimi ndo sijui? Na kwenye simu je, mambo ni yaleyale?"

Nzuri ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza mi sioni dalili ya gimbali mbovu hapo. Naona matatizo matatu tofauti yamekukuta kwa wakati mmoja na kila moja lina dawa yake, sasa ukiyachanganya ndo unakuta mtu anahangaika na setingi za mota wiki nzima kumbe shida iko kwenye magoti yake, au anajikunja mgongo unauma kutembea taratibu kumbe kamera haijabalansiwa. Kwahiyo tuyatenganishe kwanza.

Gimbali ya mkononi, yaani kishikio chenye mota cha kutuliza kamera, ina mota tatu. Moja inashika kugeuka kushoto na kulia (pani), moja inashika pua ya kamera kuinama na kuinuka (tilti), na moja inashika kamera isilale upande (roli). Ndani kuna sensa zinazosoma kamera inavyogeuka na mvutano wa dunia uko upande gani, zinasoma mara nyingi sana kwa sekunde, halafu zinaziamuru mota zisukume upande wa pili. Basi, kazi yake ndo hiyo, kuzuia kamera isizunguke kwenye hiyo mihimili mitatu. Hakuna mota ya kuinua kamera pale mwili wako unaposhuka, wala ya kuivuta chini mwili unapopanda. Na mtu akitembea mwendo wa kawaida mwili unapanda na kushuka kama sentimita 4 au 5 kila hatua, hizo sentimita zote zinaenda moja kwa moja kwenye picha, gimbali iwe ya bei gani haizigusi.

Hili jambo lilijulikana zamani. Mmarekani Garrett Brown alipobuni Steadicam, kifaa cha kuvaa cha kutuliza kamera, miaka ya 1970 aliweka mkono wa springi uliofungwa kwenye fulana ya mpiga picha, na ule mkono kazi yake kubwa ilikuwa ni hiyohiyo, kumeza kupanda na kushuka kwa mwili. Gimbali za mota zilipoanza kuwa maarufu, kampuni ya Freefly walipoleta gimbali yao ya MoVI mwaka 2013 na kampuni nyingine zikafuata, watu walifurahi kwamba sasa hakuna kuvaa fulana, ni kweli, ila na ile springi ikaondoka. Ile springi sasa ni wewe, yaani miguu yako na mikono yako. Ukishalikubali hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Sasa utajuaje kama mtikisiko unaouona ni wa mzunguko au ni wa kupanda na kushuka? Kuna kipimo kimoja napenda sana kumpa mtu kabla hajagusa setingi yoyote. Chukua klipu yako moja iliyokuudhi, iangalie kwenye skrini kubwa, sio kwenye kamera, na uangalie vitu viwili, kitu kilicho karibu na kamera na kitu kilicho mbali kabisa, mti wa mbali, jengo, mlima, chochote. Kama vyote viwili vinatikisika kwa kiasi kilekile basi kamera inazunguka, maana yake gimbali haifanyi kazi yake vizuri, rudi kwenye balansi na mota. Kama cha mbali kimetulia tuli ila cha karibu kinapanda na kushuka, gimbali yako ni nzima kabisa na inafanya kazi yake yote, kinachodunda ni wewe.

Hesabu yake iko hivi. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa ya picha kubwa, sawa na filamu ya milimita 35), ukishuti video ya 16:9, lile umbo la kawaida la skrini pana, kwa umbali wa mita 1 inaona kama sentimita 84 kwenda juu. Mwili ukidunda sentimita 5, kitu kilicho mita 1 kinahama karibu asilimia 6 ya kimo cha fremu, hiyo lazima mtu aione tu. Kitu kilicho mita 10 kinahama asilimia 0.6, ni vigumu hata kukigundua. Mzunguko wenyewe hauangalii umbali, ila unaangalia lenzi. Ile lenzi ya 24 inaona nyuzi kama 74 kwa upana na lenzi ya milimita 85 inaona kama nyuzi 24, kwahiyo kamera ikigeuka nyuzi 1 tu, picha ya lenzi ya 85 inaruka mara tatu zaidi. Ndo maana tunasema anza na lenzi pana, milimita 16 mpaka 24 hivi. Na ndo maana pia ukiinamisha kamera hadi ardhi ijae kwenye fremu mdundo unaonekana zaidi, sababu ardhi ya mbele yako ndo kitu cha karibu kuliko vyote, inua kamera kidogo tu uone tofauti.

Haya, kuunguruma na kutetemeka mkononi. Hapo asilimia kubwa ni balansi. Watu wengi wanafikiri mota ndo zinabeba kamera, hapana, kamera inatakiwa ijibebe yenyewe hata gimbali ikiwa imezimwa, mota zinabaki kwa ajili ya kurekebisha tu. Kama kamera imezidi uzito mbele, mota ya tilti inakuwa inapigana na huo uzito muda wote, inapata joto, inakula betri, na mtikisiko wa kweli ukija inakuwa haina nguvu iliyobaki ya kuuzuia. Gimbali nyingi za sasa zina nguvu kiasi kwamba zitaibeba hata kamera iliyowekwa hovyo, na hapo ndo mtu anadanganyika anasema mbona imesimama.

Kwahiyo zima gimbali. Weka kamera ikiwa kamili kabisa kama utakavyoshuti, betri ndani, kadi ndani, lenzi imefungwa, filta imefungwa, mfuniko wa lenzi umetoka, skrini ya pembeni imefunguliwa kama utaifungua, maiki iko juu kama utaitumia. Kamba ya shingoni itoe kabisa, ile ikining'inia inapepea na kuvuta kila ukitembea. Kama lenzi ni ya zumu irefushe au ifupishe pale utakaposhutia, maana lenzi nyingi zikitoka nje uzito nao unasogea mbele.

Unaanza na tilti. Lenzi ikitazama mbele, ikiinamisha pua sogeza kamera nyuma, ikiinua pua sogeza mbele, mpaka ikae sawa. Halafu, na hii hatua ndo wengi wanairuka, elekeza lenzi juu kabisa uiachie. Ikianguka mbele au nyuma ujue kamera imekaa juu sana au chini sana kwenye mkono wake, irekebishe kwa kuipandisha au kuishusha mpaka ibaki inatazama juu bila kushikwa. Ukimaliza iweke engo yoyote, nyuzi 45 kwa mfano, uiachie, inatakiwa ibaki palepale. Kisha roli, kamera ikilalia kushoto sogeza mkono kwenda kulia na kinyume chake. Mwisho pani, hii shika kishikio ukilaze gimbali upande, upande mzito utaanguka kuelekea chini, sogeza mpaka mkono usianguke popote. Gimbali zenye kufuli kwenye kila mhimili zinarahisisha sana, fungua mmoja mingine ikiwa imefungwa, maliza huo ndo uende unaofuata. Mara ya kwanza inachukua muda, usikimbie, ukizoea na kamera yako ile ile na lenzi ile ile unaweka alama kwenye pleti (kile kibao kinachofungwa chini ya kamera) na inakuwa kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo ndo unawasha. Usiishike mkononi, isimamishe kwenye miguu yake midogo mahali pagumu palipotulia, halafu endesha ile kazi ya kupima mota kiotomatiki iliyomo kwenye apu au kwenye menyu, yenyewe itatikisa kamera kidogo ijue uzito wake na kupanga nguvu ya kila mota. Nguvu ikizidi, ndo hapo unasikia ule muungurumo na mtetemo wa haraka haraka, mota inasahihisha kupita kiasi halafu inasahihisha makosa yake yenyewe. Nguvu ikipungua kamera inakuwa legelege, ukisimama ghafla inaendelea kuyumba kidogo ndo itulie. Kama umebalansi vizuri na umepima mota na bado inaunguruma, punguza nguvu ya mhimili mmoja mmoja kidogokidogo mpaka inyamaze, lakini kabla ya hapo kagua skrubu ya pleti, tafadhali sana, skrubu iliyolegea robo mzunguko tu inatosha kuleta mtetemo ambao hakuna setingi itaumaliza. Na waya, kama una waya unatoka kwenye kamera kwenda popote uache ulegee, ukivutika ni sawa na mtu ameshika kamera anaivuta.

Sasa tuje kwenye miguu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye video yenyewe.

Tembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika na hataki tone limwagike. Ukimwangalia huyo mtu kichwa chake kinaenda kwenye mstari mmoja ulionyooka, kazi yote inafanyika kuanzia kiunoni kushuka chini. Kunja magoti, sio sana, kiasi tu kwamba hayafungi hata mara moja, kwa sababu mwili unapanda juu pale mguu unaponyooka kabisa ukiwa umesimama juu yake, ukizuia goti lisinyooke umeshaua nusu ya mdundo. Hatua ziwe fupi kuliko kawaida, hatua ndefu ndo inashusha kiuno. Kanyaga na kisigino kwanza halafu uviringishe unyayo taratibu mpaka vidoleni, usipige mguu mzima chini kwa mkupuo. Miguu iwe inakanyaga karibu na mstari mmoja, sio kila mguu upande wake, maana ukitanua miguu mwili unayumba kushoto na kulia na huo nao ni mtikisiko ambao gimbali haiuoni. Ukirudi nyuma ni kinyume, vidole vinagusa kwanza halafu kisigino, na hapo uwe na mtu wa kukushika mgongoni akuongoze, nasema hivi kwa uzito kabisa, kamera inatengenezeka ila mtu akianguka kinyumenyume kwenye ngazi hilo ni jambo jingine.

Mikono, shika gimbali kwa mikono miwili inapowezekana. Viwiko vikunje, visibanwe kwenye mbavu na visinyooshwe mbele. Ukibana viwiko kila kinachotokea kwenye kiwiliwili kinaenda kwenye kamera, ukinyoosha mkono misuli inachoka mapema inaanza kutetemeka, ila kiwiko kilichokunjwa kikiwa huru kinafanya kazi ya springi, mwili ukishuka mkono unabaki juu kidogo. Hii haiji kwa kusoma, inakuja kwa kurudia. Zoezi langu ni hili, tafuta sehemu yenye kitu cha karibu, kiti, nguzo, ukuta, tembea kukipita kwa karibu na kamera ikirekodi, angalia, rudia. Usifanyie zoezi kwenye uwanja mtupu, pale kila kitu kiko mbali na kila mtu anaonekana fundi, ukija kwenye chumba chenye watu ndo unaumbuka.

Viatu navyo vina mchango wake, soli nyembamba na bapa ni bora kuliko soli nene inayodunda, unahisi ardhi na unaviringisha unyayo vizuri. Na macho yasigande kwenye skrini, pita njia yako kwanza bila kurekodi, jua ngazi iko wapi, waya uko wapi, halafu wakati wa kushuti jicho liende skrini lirudi njiani.

Kuna njia ya pili inayosaidia sana na haina ubaya kuitumia, kushuti fremu 50 au 60 kwa sekunde na kuicheza kwa 25 au 30. Mwendo unapungua nusu, mdundo uliokuwa unatokea mara mbili kwa sekunde unatokea mara moja, na macho yanausamehe. Haifai pale mtu anapoongea, na haifai kwa kila shoti maana video nzima ikiwa ya taratibu inachosha, ila kwa shoti ya kuingia mahali, au mtu anatembea, inakubali sana. Kuna vifaa pia vya springi vinavyofungwa chini ya gimbali kusaidia kupanda na kushuka, vinafanya kazi, lakini vinaongeza uzito na ukubwa, mi ningekushauri usinunue mpaka miguu yako imejifunza, maana kwa mtu anayetembea vibaya springi nayo inadunda kwa mtindo wake.

Kuhusu picha kulala upande ukimzunguka mtu. Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni kalibresheni ya sensa, yaani kuzifundisha upya sensa za gimbali wapi ni sawa, kama gimbali iliwashwa ikiwa inatikisika mkononi au imetoka mahali baridi kuingia kwenye joto, sensa zinaweza kuanza na kumbukumbu mbaya ya wapi ni sawa. Iweke mahali bapa pasipotikisika, fanya kalibresheni ya sensa kwenye apu, na kila unapoiwasha iache itulie kidogo ndo uiinue. Kama bado imelala kidogo tu lakini kwa kiasi kilekile muda wote, kuna setingi ya kurekebisha roli kwa sehemu ndogo za nyuzi, sahihisha hapo ukilinganisha na mstari ulionyooka kweli, ukingo wa meza au bahari, usilinganishe na barabara yenye mteremko.

La pili ndo linalokupata wewe nadhani, kwa sababu umesema inatokea ukizunguka. Ile sensa inajua chini ni wapi kwa kuhisi mvutano wa dunia, ila ukikata kona kwa kasi kuna nguvu nyingine inasukuma kuelekea nje ya kona, na sensa haiwezi kuzitofautisha vizuri hizo nguvu mbili kama zikiendelea kwa muda, kwahiyo taratibu inaanza kuamini kwamba chini iko upande kidogo na inalaza kamera kufuata hiyo imani. Utaliona zaidi kwenye gari linalokata kona ndefu. Dawa yake ni kuzunguka polepole, na mzunguko uwe mpana, na shoti isiwe ndefu sana, nusu duara moja nzuri inatosha, halafu simama uiache gimbali itulie kabla ya kurudia.

Modi sasa, hapa nitapita haraka maana kila kampuni inaziita majina yake. Ile ambayo gimbali inafuata pani tu, ukigeuka inageuka, lakini tilti na roli zimeshikwa, hiyo iwe nyumba yako, karibu shoti zote unaweza kuzifanya nayo. Ile ya kufuata pani na tilti tumia ukipanda ngazi au unataka kuanzia chini kwenda juu. Ile ya kufunga yote, kamera inatazama upande mmoja tu hata ukigeuka, ni nzuri mno ukiwa unamsogelea mtu moja kwa moja au unatembea sambamba naye, watu wengi hawaitumii na wanakosa, maana kwenye modi ya kufuata kila kiwiko chako kikiyumba kidogo gimbali inafikiri umetaka kugeuka. Ile ya kuzungusha picha kama gurudumu iache mpaka uwe na sababu.

Halafu kuna kasi na ulaini wa kufuata. Gimbali ikiwa inakuja nyuma yako kwa kuchelewa halafu inashtuka, mara nyingi kasi imewekwa juu sana na ulaini chini. Weka kasi ya wastani kwenda chini, na pale penye setingi ya eneo la kutojali, yaani mkono usogee kiasi gani ndo gimbali ianze kufuata, ongeza kidogo. Na wewe geuka na kiuno, sio na kifundo cha mkono, anza taratibu, na uanze kupunguza kabla hujafika, kwa sababu kamera itaendelea kidogo baada ya wewe kusimama na ukisimama ghafla itapitiliza. Fimbo ndogo ya kidole kwenye kishikio ni ya kuweka fremu kabla ya kurekodi, kuitumia katikati ya shoti kunataka kidole chepesi mno. Na kasi ya pani yenyewe, kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha za sinema kwamba kitu kitumie kama sekunde 7 kuvuka kutoka ukingo mmoja wa fremu mpaka mwingine ukishuti fremu 24 kwa sekunde, ukienda haraka sana kuliko hapo picha inaanza kukatikakatika na hiyo haihusiani kabisa na gimbali.

Upande wa kamera, shata, yaani kasi ya kufungua na kufunga mwanga kwa kila fremu, iwe mara mbili ya fremu zako kwa sekunde, 1/50 kwa fremu 25, 1/60 kwa 30, 1/125 kwa 60. Ukiacha kamera ijichagulie juani itaweka 1/1000 au zaidi, kila fremu inakuwa kali kama kisu na ule mtikisiko mdogo uliobaki unaonekana wote, ndo maana unahitaji filta ya ND ya kupunguza mwanga ukiwa nje, na ikumbuke wakati wa kubalansi. Apacha, lile tundu la lenzi la kupitisha mwanga, usifungue mpaka mwisho, f/4 mpaka f/5.6 inakupa nafasi ya fokasi kutokukosea mtu akisogea, na washa fokasi ya kufuata uso kwa sababu mikono yote iko kwenye gimbali, hakuna wa kuzungusha lenzi.

Utulizaji uliomo ndani ya bodi ya kamera, hapa watu wanabishana sana. Maoni yangu, ukiwa na lenzi pana uzime. Kamera haijui kama unageuka kwa makusudi, inajaribu kuzuia mwanzo wa pani halafu inaachia, na pembeni mwa picha vitu vinaanza kujipinda kama jeli. Ukiwa na lenzi ndefu kidogo, milimita 50 kwenda juu, jaribu kuuwasha ule unaosogeza sensa ya picha ndani ya kamera peke yake, unaweza kusaidia mitetemo midogo. Ule wa kielektroniki unaokata picha uzime kabisa ukiwa kwenye gimbali.

Kwenye simu mambo ni yaleyale kwa sehemu kubwa, mwili wako ni uleule na unadunda vilevile. Tofauti ni kwamba balansi yake ni kusogeza tu kishikizo cha simu kushoto au kulia mpaka ikae mlalo ikiwa imezimwa, toa kava nzito, hakikisha uzito wa simu uko ndani ya kiwango cha hiyo gimbali maana zile ndogo zina kikomo cha juu na cha chini pia, na siku zote funga simu kwanza ndo uwashe, usiwashe gimbali tupu mota zikaanza kutafuta uzito ambao haupo. Tumia lenzi kuu ya simu, ile ya 1x, au ile pana mwanga ukiwepo. Zumu ya simu kwenye gimbali ukitembea nasema usijisumbue. Na zile modi za simu za kutuliza picha kwa nguvu, zinazokata fremu sana, zizime, gimbali imeshafanya hiyo kazi na simu ikirudia juu yake unapata picha inayoelea elea.

Halafu fikiria shoti kabla ya kubonyeza. Jua inaanzia wapi na inaishia wapi, tulia sekunde 2 au 3 mwanzo na mwisho bila kusogea ili mwenye kuediti apate pa kukatia, na pitisha kamera karibu na kitu fulani, mlango, jani, bega la mtu, kile kitu cha karibu kikiteleza mbele ya kilicho mbali ndo kinaleta ule utamu wa gimbali. Kile kile kinachokuumbua ukitembea vibaya ndo kinakupamba ukitembea vizuri. Mahojiano ya mtu amekaa, weka tripodi, gimbali iliyosimama sehemu moja dakika kumi inachosha mkono bure na picha inakuwa na kaupepo fulani kasikokuwa na maana.

Na kwenye kuediti, ukiwa umeshuti 4K na kazi yako inatoka kwa 1080, ambayo ni picha ndogo kuliko 4K, unayo nafasi ya kutosha ya kukata, weka stabilaiza ya programu (kitulizi cha picha cha kwenye kompyuta) kwa kiwango cha chini kabisa, asilimia 5 au 10, imalizie ule mdundo mdogo uliobaki. Usiiache kwenye asilimia 50 ambayo baadhi ya programu zinakuja nayo, itaanza kupigana na mwendo wa kamera na ukuta ulionyooka utauona unapumua. Na kama klipu inahitaji zaidi ya hapo, rudi kairudie hiyo shoti kama muda bado upo.